Mtu wa Pili

Kampuni yetu ya lifti ilikuwa Busan,
juu ya duka la nyavu na ndoana.
Mimi, Ok Mi-ran, karani wa utumishi,
nilikuwa na kazi mbili: mishahara, na ari.

Ari niliipima kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi.
Karatasi ya kijani, maswali tisa,
viduara vitano kwa kila swali, tia kivuli kimoja.
Je, unajisikia kuthaminiwa?
Je, ungemshauri ndugu yako aje kufanya kazi hapa?
Mafundi walijaza wamesimama, glavu kwapani,
wakiacha doa la grisi kwenye namba nne.
Nilijumlisha, nikagawanya, nikachora mstari.
Meneja Noh aliubandika kwenye mlango wa choo
ili kila mtu auone walau mara mbili kwa siku.
Mstari ulipanda.
Katika kampuni ya lifti hatuna neno tamu kuliko hilo.

Kulikuwa pia na karatasi nyeupe.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
na sheria inasema hayo hayo kwa lugha ya vifungu:
shimoni hashuki mtu peke yake.
Mmoja afunge breki, mwenziwe ashike swichi,
wote wawili watie sahihi, saa na dakika.
Lakini mafundi walikuwa sita, majengo mia mbili na tisini,
na hesabu ilikataa katakata kukubali.
Basi Meneja Noh akaja mezani kwangu
na kahawa ya kopo, bado ina moto.
"Mi-ran, una mwandiko mzuri. Ni fomu tu."

Fomu tu.
Nilitia sahihi nikila wali uliofungwa kwa mwani.
Saa nne nilikuwa Haeundae,
na saa nne hiyo hiyo nilikuwa Yeongdo,
ghorofa ya ishirini, gizani, nimeshika swichi,
mimi ninayeogopa kupanda kiti kubadilisha balbu.

Pyo Jong-gil alijua.
Jioni alinirudishia fomu akicheka:
"Asante kwa kunisindikiza leo.
Huongei sana, lakini hunichoshi."
Nami nilicheka.
Hilo ndilo linalonirudia usiku,
kuliko hata lile la Februari.

La Februari lilikuwa hivi:
lifti ilishuka nusu mita. Nusu mita tu.
Mkono wake wa kulia ulikuwa pale.
Aliita dakika arobaini na moja,
simu ikiwa kotini, koti likiwa kwenye ndoano
mahali ambapo mtu wa pili angesimama.
Fomu ya siku hiyo
nilikuwa nimeishaitia sahihi asubuhi
kuokoa muda.

Mahakamani, wakili wa kampuni alileta mstari wangu,
ameuchapa upya kwa rangi.
"Mheshimiwa, hawa ni watu wenye furaha.
Nne nukta sita, kati ya tano."
Jaji, mama mwenye mafua, alipenga kamasi,
akaifunua karatasi nyeupe.
Habari za furaha hakuziuliza.
"Huyu mtu wa pili, Ok Mi-ran. Alikuwa wapi?"

Wanasema sheria ni msumeno.
Siku ile niliiona kama taa ya ghala:
ukiiwasha, haimmuliki yule unayemtaka peke yake.
"Nilikuwa ofisini, Mheshimiwa.
Nilikuwa napima ari."
Mtu mmoja nyuma yangu akacheka.
Kicheko nilikijua.

Juzi nilikwenda zahanati, ghorofa ya saba.
Ukutani mwa lifti palibandikwa fomu ya ukaguzi,
sahihi mbili, saa na dakika.
Nilizisoma mpaka mlango ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka.
Wino ulikuwa mmoja.
Labda waliazimana kalamu, watu huazimana.
Nikashika ngazi.